Maji Tuliyowawekea Wageni

Nimeishi karibu na bwawa hili tangu nilipostaafu, na sijapata kumwona mamba ndani yake. Nalitaja jambo hili kwanza kwa sababu hata leo, nikiingia dukani kununua mkate, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba mamba yumo. Humwuliza swali nililozoea kuuliza maisha yangu yote ya kazi, nilipokuwa karani wa mahakama: umeona mwenyewe, au umeambiwa? Huwa ameambiwa na mwendesha boda boda, ambaye naye aliambiwa na mke wa mtu fulani, na mke huyo hakuna ajuaye anakoishi. Mamba wa namna hiyo hula maneno tu.

Bwawa lenyewe liko upande wa Njiru, mashariki mwa jiji, mahali ambapo zamani palikuwa machimbo ya mawe. Kabla ya nyumba hizi kujengwa, kijito kilizibwa kwa ukuta wa mawe na saruji, mashimo ya wachimbaji yakajaa, na maji yakatanda hadi yalipo sasa. Chini ya ukuta kuna lango la chuma linalofunguliwa kwa kuzungusha gurudumu, ili kijito kipate sehemu yake na kuendelea hadi kwenye mashamba ya mboga yaliyo bondeni.

Siku ya Jumapili, ibada zikiisha, watu huja. Huja kutoka Kaloleni na Mbotela, kutoka mitaa ambayo nyumba ni chumba kimoja au viwili na ua ni kamba za nguo za jirani. Baba huvua viatu. Mama hutandika leso kwenye nyasi na kufungua sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kitambaa. Watoto hukodishiwa zile boti za kupiga pedali na kuzunguka maji wakipiga kelele, na muuza mutura, ile soseji ya matumbo, huweka jiko lake pale pale upepo unapoupeleka moshi kwa watu. Mimi nilizaliwa Kaloleni, mwana wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi. Jumapili zetu, baba alitupeleka kutazama mabehewa, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine kikubwa ambacho watoto wa mtaa wetu wangeweza kukitazama bila kufukuzwa. Kwa hiyo naelewa vizuri kinachowaleta watu hapa, na sihitaji mtu wa kunifafanulia.

Katika jiji hili iko mitaa yenye misitu yake, viwanja vyake vya gofu na mabwawa yake ndani ya ua. Sijasikia hata siku moja wakazi wake wakiambiwa wavibomoe ili maumbile yapumzike. Lakini sisi wa upande wa mashariki tulipopata maji ya kutazama, walitokea watu wa kutuambia kwamba maji hayo ni dhambi.

Aliyewaongoza watu hao alikuwa shemeji yangu.

Lazima nieleze kilichokuwa hatarini, maana bila hilo msomaji ataona kuwa wazee wawili walikuwa wakigombania dimbwi. Mke wangu, ambaye kwao ni Ukambani, alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia atembee ndani ya maji yanayomfika kiunoni, mara nyingi kadiri awezavyo, la sivyo mguu utaganda. Mabwawa ya hoteli yako mbali, na si ya watu kama sisi. Lakini kando ya bwawa letu kuna mwamba ambao wachimbaji waliukata bapa, mpana kama sebule, na maji juu yake yalimfika kiunoni barabara. Nikasimamisha vyuma viwili, nikafunga kamba katikati yake. Kila asubuhi ya siku za kazi, kabla ya kelele za watu, niliketi pale na taulo magotini, naye akatembea akiishika kamba. Nchi kavu aliburura mguu. Ndani ya maji alitembea kama mwanamke niliyemwoa, na siku moja aligeuka kwa ghafla kunicheka kwa sababu nilikuwa nimevaa sweta kinyume. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Bwawa likikauka, yangekwisha.

Shemeji yangu ni mdogo wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa sayansi, mkazi wa Mbotela. Utani wetu ulikuwa wa miaka mingi. Yeye aliniita abiria aliyepanda garimoshi bila tikiti akashuka na dada yake. Mimi nilimkumbusha kwamba baba yao alikuwa mchonga vinyago, na kwamba mwanawe ameurithi ufundi huo, ila yeye huchonga ukweli. Siku alipokuja kwangu kula chakula cha mchana na kunitangazia kwamba amejiunga na watetezi wa kijito, wanaotaka ukuta ubomolewe, maneno ya utani yalibaki yale yale, lakini hakuna aliyecheka.

"Shemeji, hili bwawa ni mzoga uliolazwa juu ya kijito," alisema, ugali wangu ukiwa mkononi mwake.

Nilimwuliza ameona nini. Akaanza na samaki wenye uvimbe. Nikamwuliza kama aliwashika. Hakuwashika; aliambiwa. Akaja kwenye mbu, nikamwuliza kama Mbotela, kusiko na bwawa, hakuna mbu. Habari za mamba alizikwepa kwa aibu. Akataja maji taka yanayoingia kutoka kwenye ploti mpya za juu. Hilo alikuwa ameliona, nami nilikuwa nimeliona, nikamjibu kwamba adui basi ni lile bomba. Alizibe bomba, aniachie maji.

"Na kijito?" aliuliza. "Huko bondeni hukauka kabisa. Watu wanachota matope."

"Umeona?"

"Nimeona. Krismasi nilikuwa huko. Na Pasaka."

Nilimwambia kwamba mito midogo hukauka wakati wa jua, na kwamba mwalimu wa sayansi hakupaswa kufundishwa jambo hilo na karani. Mke wangu, aliyekuwa akiusukuma mchuzi kwa mkono wake mzima, aliuliza kama tumemaliza, maana pale mezani kulikuwa na watu waliotaka kula.

Hata hivyo sikuliacha jambo hilo hivi hivi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya watumiaji wa bwawa, na katibu wetu alikuwa mwenye boti, mtu wa makamo, mcheshi, aliyelelewa Kaloleni nyumba chache tu kutoka kwetu. Nilimwuliza kuhusu lango. Akaniambia li wazi usiku na mchana, kwa kiasi kile kile tulichokubaliana na watu wa bondeni. "Hizo ni stori za jaba, mzee wetu," alisema, akimaanisha porojo za wala miraa wanaoupisha mchana. Nikaridhika. Gurudumu la lango liko chini ya ngazi za chuma zilizoliwa na kutu, na magoti yangu hayapatani na ngazi.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya uadui mtupu. Shemeji alipewa nafasi ya kuzungumza katika makanisa, akatufananisha na watu waliojenga mnara kushindana na Mungu. Mimi niliomba nafasi katika makanisa yale yale, nikawauliza waumini ni wangapi miongoni mwao waliobatizwa katika maji hayo. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi, naye alikuwa ameketi safu ya mbele. Mtu aliandika kwa makaa kwenye geti langu kwamba mimi ni mzee wa maji taka. Niliyaacha maandishi yale hadi mvua ilipoyaosha, kwa sababu sifuti uongo kwa sabuni yangu. Vijana wa kikundi chao walizoea kukaa juu ya ukuta jioni. Mmoja aliniuliza, "Buda, tukibomoa hii dam utaogelea wapi?" Nilimjibu kwamba sijui kuogelea, na kwamba kabla hajabomoa ukuta wa umma aanze kwa kuipandisha suruali yake. Wenzake walimcheka, lakini kesho yake walikuwa pale pale.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa shemeji alikuwa na tabia ya kuja kumjulia hali dada yake saa ambazo alijua sipo. Nilikuta machungwa mezani, nikajua. Mke wangu hakutaka kusikia habari za upande wowote. Alisema amepooza upande mmoja, na sasa sisi tunataka kumgawa ule uliobaki.

Hatimaye maofisa wa mazingira wakatangaza kwamba watakuja kusikiliza maoni ya umma papo hapo bwawani, kisha waamue.

Hapa ni lazima nieleze jinsi tulivyolelewa. Kaloleni ya utoto wangu, mgeni alipotarajiwa, mama alitutuma nyumba hadi nyumba. Kwa huyu tulichukua vikombe ambavyo mikono yake haijavunjika, kwa yule viti viwili, kwa wa tatu kitambaa cha meza. Watoto wenye nguo zilizochanika waliondolewa sebuleni wakacheze nje. Mgeni alikunywa chai katika nyumba ambayo haikuwapo jana na haingekuwapo kesho. Hakuna aliyeliita jambo hilo udanganyifu. Liliitwa heshima, na jirani aliyeshinda bila vikombe alijua kwamba zamu yake ingefika, naye angechukua vyetu.

Basi kamati yangu ilijiandaa kwa maofisa kama mama zetu walivyojiandaa. Magugu maji yaling'olewa yakafichwa nyuma ya kichaka. Mawe ya kandokando yalipakwa chokaa. Boti zilipigwa rangi. Muuza mutura aliombwa asiwashe jiko, akakasirika. Na siku ya kikao maji yalikuwa yamejaa kuliko nilivyowahi kuyaona, yakimeta hadi kwenye nyasi, na watu waliofika waliduwaa. Hata mimi nilifurahi. Nilidhani mvua ya milimani imetupendelea.

Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokohoa. Afisa aliyeongoza kikao alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno, jambo lililonipendeza. Nilipewa nafasi ya kwanza. Nilizungumza kama nilivyozoea kusikia mawakili wazuri wakizungumza, yaani polepole na bila kupamba. Nilisema kwamba mtaa usio na mahali pa kupumzikia hulea watu wenye hasira. Kwamba bomba la maji taka lizibwe, si starehe ya maskini. Kwamba uvumi si ushahidi. Kisha nikasema jambo ambalo halikuwa la lazima. Nilisema kwamba lango la bwawa halijawahi kufungwa, na kwamba kijito kinapata haki yake kila siku. Watu wangu walipiga makofi. Katibu wetu, nakumbuka, hakupiga.

Shemeji alisimama. Alikuwa amevaa suti aliyoivaa siku nilipomwoa dada yake, au nyingine iliyofanana nayo. Alianza kwa kunirarua.

"Mnamsikia shemeji yangu. Anawazungumzia maskini. Mwulizeni ni kwa nini kila asubuhi yuko hapa na taulo. Anazuia mto mzima kwa ajili ya miguu ya mtu mmoja."

Watu walinong'ona. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni ya hema, fimbo mapajani, na nyuso zote zilimgeukia.

"Miguu hiyo ni ya dada yako kabla haijawa ya mke wangu," nilimjibu kutoka kitini.

"Ni ya dada yangu, ndiyo. Ndiyo maana ninaumia kusema haya." Sauti yake ilishuka. "Sasa nakuuliza swali lako mwenyewe, shemeji, lile ulilotuchosha nalo miaka yote hii. Umesema lango halijawahi kufungwa. Umeona mwenyewe, au umeambiwa?"

Afisa alinitazama, akingoja. Nilimtazama katibu wetu, naye akayatazama maji. Nilijua saa ile ile, kama mtu anavyojua mahakamani shahidi anapoanza kumeza mate. Ningeweza kusema nimeona. Hakuna aliyekuwa na namna ya kunipinga. Kwa umri wangu na jina langu mtaani, lingepita, na huenda kikao kingeishia hapo. Mke wangu alikuwa ananitazama.

"Nimeambiwa," nilisema.

Niliomba kikao kihamie kwenye lango. Tulitembea juu ya ukuta, afisa mbele, mimi na shemeji nyuma yake. Ngazi zile za kutu nilizishuka kwa matako, mbele ya watu wote, na sikumruhusu mtu kunishika. Lango lilikuwa limefungwa kabisa. Gurudumu lilikuwa limepakwa grisi mpya, grisi ya kitu kinachotumika mara kwa mara. Upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo kijito kilipaswa kuwa, palikuwa na matope yaliyopasuka na samaki wadogo waliokauka. Akina mama wawili wa bondeni walikuwa wamesimama hapo na ndoo zao.

Katibu wetu alishuka akanifuata, akaniinamia sikioni. "Mzee wetu, ilikuwa tu juu ya wageni. Sasa wageni wakuje uwaonyeshe matope?"

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kama ilikuwa leo tu. Alijikuna shingo. Akasema hapana. Kila wikendi watu wengi wanapotarajiwa, lango hufungwa siku chache kabla, na zile sikukuu kubwa hufungwa zaidi. Boti hazitaki maji haba, alisema, na mtu akitoka Mbotela na watoto wake sharti akute bwawa limependeza. Alisema haya bila hila. Hakuona kosa, kama mama yangu ambavyo hakuona kosa katika vikombe. Tofauti ni kwamba majirani zetu wa Kaloleni waliombwa vikombe vyao, nao waliazima vyetu kesho yake. Watu wa bondeni hawakuombwa na mtu, na hapakuwa na siku ambayo wangekuja kuazima maji kwetu.

Nililishika gurudumu mwenyewe. Lilikuwa gumu kwangu, na nilimkataza katibu kunisaidia. Shemeji alikuja, akashika upande wa pili, akazungusha. Sikumshukuru. Maji yalitoka kwa ngurumo, yakaturushia matone hadi usoni.

Uamuzi ulikuja baadaye. Bwawa libaki, bomba la maji taka lizibwe, lango liwe wazi zaidi ya hapo zamani, gurudumu lake litiwe kufuli, na ufunguo ukae kwa wakulima wa bondeni. Katibu alijiuzulu kabla sijamfukuza. Watu wa kwetu waliniambia nimewauza, na mmoja wa wazee niliokua nao aliacha kunisalimu. Watu wa shemeji walisema wameibiwa ushindi, kwa kuwa ukuta ulikuwa bado umesimama. Mimi ninashikilia niliyoyasema: bwawa lile ni haki ya watu wa mitaa hii, na atakayetaka kulibomoa atanikuta juu yake. Lakini sitalitetea kwa maji ya watu wengine. Jumapili bado hujaa, ingawa boti ni chache na maji yamerudi nyuma.

Yamerudi nyuma na kuuacha ule mwamba mkavu. Kimo kile kilichomfika mke wangu kiunoni kilikuwa cha maji yaliyozuiwa, na sikulijua hilo asubuhi hata moja kati ya zote nilizoketi pale. Kutoka kwenye mwamba hadi maji yalipo sasa ni mteremko wa matope. Nilijaribu kumzuia asiende kutazama. Alichukua fimbo yake akanipita mlangoni.

Alisimama juu ya mwamba, kando ya kamba iliyoning'inia hewani, akautazama mteremko.

"Maji yako wapi?"

"Yamekwenda kwa wenyewe," nilisema.

"Basi nishike."

Tuliingia matopeni. Mguu wake wa kushoto ulizama na kukwama, nami nilipomvuta, tulikaribia kuanguka wote wawili. Juu ya ukuta shemeji yangu alikuwa amesimama akilipiga picha lile lango, kama afanyavyo kila wiki, eti kuhakikisha. Mke wangu alimwona. Alimwita kama mtu anavyomwita mdogo wake aliyepanda juu ya dari.

"Wewe. Shuka hapa."

Alishuka. Alivua viatu, akakunja suruali, akaja akamshika mkono wa pili. Hatukusalimiana.

"Polepole," alimwambia dada yake.

"Usinifundishe kumshika mke wangu," nilisema.

"Nilimshika kabla yako. Alikuwa akinivusha barabara nikienda shule."

"Nyamazeni," mke wangu alisema. "Mkigombana mnanitikisa."

Tulimfikisha. Maji yalimfika magotini, na tulipomsogeza mbele zaidi yalimpita magoti kidogo, lakini sakafu ya pale si mwamba. Ni utelezi, na hapakuwa na kamba ya kushika ila mikono yetu. Alitembea hivyo, akienda na kurudi, sisi tukimfuata kama askari wawili wasiopatana. Nilimwambia shemeji kwamba kazi hii sasa inahitaji watu wawili kila asubuhi, na kwamba siku atakapoubomoa ukuta, ataieleza mwenyewe miguu ya dada yake. Alisema atakuja kila asubuhi, na kwamba ukuta ataubomoa vilevile.